Nani Amsikilize Mwanafunzi Aliyesongwa na Mawazo?

Atokaye katikati ya jiji la Nairobi kwa matatu ya nambari 24, akaipita Lang'ata na kuteremka Karen, hulakiwa na kitu ambacho jijini kimekuwa adimu kuliko maji, nacho ni kimya. Mitaa hii ilikuwa mashamba ya kahawa ya Karen Blixen hadi mama huyo wa Kidenmarki alipofunga virago mwaka 1931, ardhi ikakatwakatwa kuwa viwanja vya wenye nafasi. Leo, chini ya mikaratusi na mijakaranda, yamejipanga majumba ya mafungo, nyumba za watawa na vyuo. Hapa na Lang'ata jirani yake utakikuta Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, ambacho Papa Yohane Paulo wa Pili alikifungua mwezi Agosti 1985. Utakikuta pia Chuo Kikuu cha Ushirika cha Kenya, na kile cha Kimataifa cha Afrika kilichoanza kama chuo cha theolojia. Iko pia Bustani ya Ufufuko, mahali anapopumzika marehemu Kardinali Maurice Otunga.

Ni katika bustani hiyo nilipoketi Ijumaa moja alasiri, juma moja kabla ya mitihani. Nilikuwa nimebeba rundo la insha za kusahihisha, lakini sikusahihisha hata moja. Nilichokiona kilinizuia. Katika kila benchi, au chini ya kila mti uliokuwa na kivuli cha kutosha, palikuwa na kijana aliyekaa peke yake, begi la vitabu miguuni, kichwa kimeinama, midomo ikichezacheza. Niliwahesabu tisa kabla ya kuona haya ya kuwahesabu. Hawakuwa watalii, wala hawakuwa watawa. Walikuwa wanafunzi, na baadhi yao niliwatambua kwa sura.

Swali lililonijia ni hili: kwa nini wako hapa? Chuoni kuna ofisi ya ushauri nasaha yenye bango mlangoni na saa za kazi zilizochapishwa vizuri. Mbona mwanafunzi aliyelemewa huipita ofisi hiyo kama apitaye kituo cha polisi, akalipa nauli kutoka hosteli za Rongai kuja kuzungumza na Mungu chini ya mti?

Kabla ya kujaribu kulijibu, yanipasa nikiri jambo ambalo halinipi sifa. Miaka michache iliyopita, mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu alibisha hodi ofisini mwangu asubuhi ya mtihani. Alikuwa kijana mpole, kiongozi wa kikundi cha maombi chuoni mwetu, ambaye wenzake walimwendea kila walipofikwa na jambo. Alisimama mlangoni akasema, "Mwalimu, samahani. Niko na stresi. Sijui kama nitaweza mtihani." Nami, nikiwa na karatasi za mtihani mkononi na saa ikinikimbiza, nilimjibu kwa maneno ambayo hadi leo yananichoma: "Ndugu yangu, nani hana stresi siku hizi? Jikaze." Alisema, "Sawa, Mwalimu," akaondoka. Mtihani hakuufanya. Siku kumi zilipita kabla sijajua kwamba yu hospitalini, na kwamba kupona kwake kulikuwa suala la saa chache tu.

Mimi ni mtu wa lugha, na kazi yangu ni kusikiliza maneno. Nililisikia neno la kijana yule, nikaghafilika na maana yake. Tangu hapo nimekuwa nikilitafakari neno lenyewe.

Wahandisi walilitumia kupimia mkazo unaokipata chuma kinapobebeshwa mzigo. Hans Selye, daktari mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Montreal, ndiye aliyelipa umaarufu katika uwanja wa tiba kufuatia uchunguzi wake wa mwaka 1936 juu ya namna mwili unavyojibu madhara. Kwetu limefika likiwa limechakaa. Mwanafunzi husema ana stresi matatu yake ikichelewa, na husema ana stresi anapotafakari kufa. Neno moja limebeba mizigo miwili isiyolingana, na msikilizaji mvivu, kama nilivyokuwa mimi, huchukua ule mwepesi.

Kiswahili sanifu kimetupa "msongo wa mawazo", istilahi ninayoipenda kwa sababu mzizi wake ni wa nyumbani. Mwanafunzi wetu husongamana na wenzake katika matatu asubuhi, husonga ugali kwenye jiko la mafuta jioni, na usiku husongwa na mawazo. Tuna maneno mengine ya kale yenye uzito mkubwa zaidi. Kusonona ni kuumia moyoni kwa huzuni isiyokoma, na wenzetu wa Tanzania wamelifanya "sonona" kuwa jina la maradhi yenyewe. Kihoro ni majonzi ya kufiwa. Dukuduku ni jambo lililokwama moyoni, na uzuri wa neno hilo ni kwamba huja na dawa yake, kwa kuwa dukuduku hutolewa, na hutolewa mbele ya mtu.

Tazama tena sarufi. Waswahili hatusemi kwamba sisi ndio huzuni. Husema nimeingiwa na hofu, nimeshikwa na homa, nimepatwa na huzuni, nimesongwa na mawazo. Kauli ya kutendwa humfanya mgonjwa kuwa mwenyeji na ugonjwa kuwa mgeni aliyeingia bila hodi. Baadhi ya wasomi wetu huidharau sarufi hii kana kwamba ni mabaki ya ushirikina. Mimi naiona kuwa na hekima ndani yake, maana humwezesha kijana kusema kwamba limempata jambo bila kuamini kwamba yeye mwenyewe ndiye jambo hilo. Ila mgeni aliyeingia kwa nguvu hana budi kutolewa, na hapo ndipo swali la nani amtoe hutufikisha mlangoni mwa dini. Haishangazi kwamba mwanafunzi husema anataka "kuombewa". Hilo nalo ni tendo analotendewa.

Basi jibu langu la kwanza ni kwamba vijana wale wa bustanini walikwenda palipo na lugha yao. Ofisi ya ushauri nasaha ninayoijua mimi ina mshauri mmoja kwa maelfu ya wanafunzi. Ina fomu ya kurasa nne ya Kiingereza cha kitabibu, na ina benchi la kungojea lililowekwa ukumbini ambako kila apitaye anakuona. Kikundi cha maombi, kwa upande wake, hukutana saa moja jioni, hakina fomu, na yeyote aweza kulia bila kuulizwa nambari ya usajili.

Mambo yanayowaliza wote tunayajua, nami sitayachambua kwa kirefu. Ni karo, mikopo inayochelewa, wazazi waliouza ng'ombe na sasa wangoja shahada, na kazi ambazo hazipo. Mfumo wa ufadhili ulioanzishwa mwaka 2023 umewapanga wanafunzi katika makundi kwa kutazama kipato cha jamaa zao, na kijana wa miaka 18 akajikuta akiuthibitisha umaskini wa babake kwenye kompyuta. Mwaka 2025 mgomo wetu wa wahadhiri wa vyuo vya umma ulidumu siku 49. Nilikuwa upande wa mgomo, na ningali naamini madai yetu yalikuwa ya haki. Hata hivyo, muhula uliobanwa baadaye haukuwabana wahadhiri peke yao.

Sasa, je, maombi humsaidia aliyesongwa? Watu wa taaluma hupenda kulikwepa swali hili, ama kwa kuogopa kuonekana washamba, ama kwa kuogopa kuwaudhi waumini. Mwanasaikolojia wa Kimarekani Kenneth Pargament hakulikwepa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1997 juu ya dini na kukabiliana na shida, alionyesha kwamba haitoshi kuuliza iwapo mtu huomba. La muhimu ni namna anavyoomba. Yupo amwonaye Mungu kuwa mwenzi katika taabu yake, akategemea pia mkono wa waumini wenzake, na huyu kwa kawaida hupata nafuu. Na yupo aombaye huku akiamini kwamba ameadhibiwa au ametupwa, kwamba kutolala kwake ni ushahidi wa dhambi. Kwa huyu wa pili dini huwa jiwe jingine juu ya mzigo.

Nimewaona wote wawili darasani. Na yeyote anayedhani kwamba maombi ya wanafunzi wetu ni mchezo wa watoto, na akumbuke Garissa. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 wauaji walipokivamia chuo kile, miongoni mwa wa kwanza kufikiwa walikuwa wanafunzi waliokuwa katika sala ya asubuhi. Watu 148 waliuawa siku hiyo. Walionusurika wengi walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kuendelea na masomo. Kuwaambia vijana kama hao kwamba imani ni jambo la pembeni ni kuwaongezea jeraha.

Lakini vilevile na tukumbuke Shakahola. Tangu mwezi Aprili 2023, katika msitu huo wa kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumfikia Mola. Simfananishi mtu. Vikundi vya maombi vya vyuoni, vya Wakristo kwa Waislamu, viko mbali sana na msitu ule. Ila ipo kauli moja ndogo ambayo nimeisikia vyuoni, na ambayo imetoka katika ukoo huohuo: "Huna imani ya kutosha, ongeza kufunga." Mwanafunzi wangu aliambiwa hivyo. Yeye, aliyewaombea wengine, alipokosa usingizi kwa majuma matatu, alishauriwa na wenzake waliompenda kwa dhati kwamba afunge. Alifunga. Mtu ambaye hakuwa akilala, sasa hakuwa akila.

Wazee wa mwambao wana neno tawakali, kumtegemea Mungu, na wanazuoni wao hawachoki kufafanua kwamba tawakali huja baada ya mja kutenda lililo katika uwezo wake. Ngamia hufungwa kwanza. Niliwahi kumsikia shehe mmoja Mombasa akimwambia mzazi aliyemletea binti yake ili asomewe dua: "Nitamsomea, lakini hospitali mmekwishakwenda?" Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anauliza habari za safari.

Kwa muda mrefu sheria yenyewe ilikuwa ikiwafukuza vijana kutoka hospitalini. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya mtu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka miwili. Kanuni hiyo ililetwa na wakoloni mwaka 1930. Waingereza wenyewe waliifuta dhana hiyo kwao mwaka 1961, nasi tukabaki nayo kama koti la kurithi. Ni kweli kwamba mila na dini zetu nyingi zililitazama tendo hilo kwa kutisha. Hata hivyo, katika lugha yetu kitenzi "kujiua" hakina harufu ya mahakama ndani yake, ilhali Kiingereza hulitaja tendo hilo kwa kitenzi kilekile kinachotumiwa kwa wizi na mauaji. Mwaka 2020 jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la dharura la kitaifa. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba.

Hukumu hiyo ilipotoka nilitarajia vyuo vikuu viitishe mikutano siku ya pili yake. Sikusikia kengele ikilia. Jamaa za wanafunzi walikuwa wakificha kwa kuogopa polisi, na wasimamizi wa vyuo walikuwa na kisingizio cha kunyamaza. Sasa kisingizio hakipo, na kimya kingalipo. Hiki si kile kimya cha Karen nilichokisifu.

Nini basi kifanyike? Sina mpango mkubwa wa kuuza. Nina mfano mmoja kutoka kwa majirani. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, kuwafunza akina nyanya 14 namna ya kuwasikiliza watu waliolemewa. Huketi nao kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, na mtihani wa kitabibu uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Akina nyanya hao hawakuanza na neno la Kiingereza. Walianza na "kufungisisa", neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi. Mwanaisimu ndani yangu hawezi kujizuia hapa: "kufunga" kwa Kishona ni kufikiri, kwetu ni kufunga mlango au kujinyima chakula. Kijana wangu aliyewaza kupita kiasi aliambiwa afunge. Laiti angeambiwa na Mshona.

Zingatia pia kwamba hatua ya kwanza ya benchi lile inaitwa "kuvhura pfungwa", yaani kuifungua akili. Vyuo vyetu havikosi mabenchi. Vina makasisi, maimamu, walezi wa mabweni, na wanafunzi viongozi wa vikundi vya dini ambao tayari wanasikiliza, watake wasitake, usiku wa manane. Hawa ndio wanaopaswa kufunzwa kwanza, wajue dalili zipi ni za kuombea huku wakimwita daktari, na waelewe kwamba kumpeleka mtu hospitalini si kupungukiwa na imani. Mshauri wa chuo naye na atoke ofisini, akaketi nao jioni. Wapo watakaosema kwamba hivyo ni kuichanganya sayansi na dini. Nawauliza: mwanafunzi mwenyewe, ambaye amevichanganya vyote katika kichwa kimoja, tumgawe vipande vingapi?

Nasi wahadhiri tusijitoe. Hatukusomea tiba ya akili, ni kweli, lakini kumwambia mtu "keti" hakuhitaji shahada. Ningemwambia kijana yule neno hilo moja badala ya "jikaze", huenda siku zile kumi zingekwenda vingine. Msalaba Mwekundu wa Kenya una simu ya bure, nambari 1199. Mhadhiri aweza kuiandika ubaoni mwanzoni mwa muhula, kama aandikavyo orodha ya vitabu.

Kijana wangu yu hai. Aliyempata kwanza alikuwa kasisi mzee wa nyumba mojawapo ya Karen, ambaye alimkuta bustanini jioni akitetemeka. Aliponisimulia, nilidhani ataniambia ni sala gani iliyomgusa. Alisema kasisi hakuomba kwanza. Alimuuliza maswali mawili: "Mara ya mwisho umelala lini? Na kula je?" Kisha akamtafutia uji, akamsikiliza hadi giza lilipoingia, akampeleka hospitalini kwa gari lake, na ni huko kwenye benchi la kungojea alipomwombea, kwa sauti ya chini, mkono begani. Kijana alitumia dawa kwa muda, akarudi chuoni baada ya mwaka, na kikundi chake cha maombi hakukiacha.

Mwaka huu mshauri wa chuo aliniomba nimsaidie kuitafsiri ile fomu ya kurasa nne kwa Kiswahili. Niliifanya kazi hiyo kwa fahari ya mtaalamu, nikaweka "msongo wa mawazo" hapa na "sonona" pale, na swali la kwanza nikaliandika hivi: "Je, katika majuma mawili yaliyopita umekabiliwa na hali ya kukata tamaa?" Kisha nikamtumia kijana yule aisome, maana sasa ni mwalimu wa sekondari na ana jicho zuri la lugha.

Aliirudisha baada ya siku mbili. Kurasa tatu za mwisho alikuwa amezikata kwa mstari mmoja mrefu. Katika ukurasa wa kwanza alikuwa amelifuta swali langu, na juu yake ameandika kwa mkono: "Mara ya mwisho umelala lini? Na kula je?" Nimeipeleka fomu hiyo kwa mshauri kama ilivyo, na mistari yake.